Mwaka wa Miezi Kumi na Moja

Juni 17

Vitunguu saumu vimeshaning'inizwa ghalani, mpunga umeshapandikizwa, na mgongo wangu unaomba likizo. Mvua ndefu bado. Nimeona niandike kidogo kidogo, maana tangu Jae-gon afariki sina wa kumwambia siku ilivyokwenda. Mungu nazungumza naye kila alfajiri kanisani, lakini Mungu simsumbui kwa habari za supu iliyoungua.

Mama kaamka vizuri. Mama ni mama mkwe wangu, tunaishi wawili tu katika nyumba hii. Mwanangu Tae-il yuko Ulsan kwenye kiwanda cha meli. Kabla hata ya kunawa uso alitandika blanketi, akatoa karata zake kwenye kopo la peremende, akaanza kuzipanga. Ni zile karata za maua. Kila mwezi una ua lake na karata zake nne: msonobari ni mwezi wa kwanza, plamu wa pili, cheri wa tatu, hivyo hivyo hadi wa kumi na mbili, ambao hauna ua bali mvua, na kwenye karata yake kubwa mtu kasimama na mwavuli. Nne za mwezi mmoja zikipatana, Mama anasema zinamwambia siku itakavyokuwa. Msonobari ni habari. Majani mekundu ya mwezi wa kumi ni wasiwasi. Mvua ni mgeni.

Mimi ni shemasi, na kanisani kwetu karata hukemewa. Lakini binti Pyo wa zahanati alinikalisha chini majira ya kuchipua akaniambia hakuna kidonge kitakachomsaidia Mama kuliko kucheza na wenzake, kucheka na kutaniana. Nilimuuliza mchungaji. Akasema kucheza sawa, kuagua hapana. Nikamfikishia Mama.

"Siagui," akasema. "Naangalia hali ya hewa."

Juni 18

Pilipili zimeanza kuzaa. Nimezifunga kwenye vijiti mpaka giza.

Juni 20

Nilimpeleka Mama ukumbi wa wazee na sinia la viazi vya kuchemsha, nikakaa kidogo kuwatazama. Hapa kwetu mwanamke aliyeolewa haitwi jina lake, anaitwa kwa kijiji alikotoka. Kwa hiyo mkekani kuna Bi Naesan, mwenye ulimi, ndiye mkubwa wa mkeka. Kuna Bi Bamgol, mpole na kiziwi. Na kuna Mama, ambaye ni Bi Seorae. Wamecheza pamoja tangu walipokuwa na mimba. Wanachezea punje za soya, na huzigombania kama viwanja vya mjini.

Mama alikaa na karata mkononi muda mrefu.

"Bi Seorae, unangoja nini?" Bi Naesan akamwambia. "Zikuchumbie?"

"Nangoja ufe, nichukue na zamu yako."

Walicheka mpaka Bi Bamgol, ambaye hakusikia kitu, akacheka pia. Nami nikacheka, moyo ukatulia.

Lakini nilipokuwa navaa viatu Bi Naesan alinifuata mlangoni. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba leo Mama kaweka plamu juu ya cheri mara mbili, miezi miwili tofauti, nao wamenyamaza. "Sisi tutanyamaza tuwezavyo, mama Tae-il. Ila desturi ya mkeka unaijua."

Naijua. Hapa mtu hafukuzwi. Siku ikifika hagawiwi karata tu. Anapewa kisu na matunda, anakaa ukutani, anawamenyea wenzake. Bi Yongdu aliwekwa ukutani vuli iliyopita, akamenya mapeasi kimya kimya. Kipupwe watoto wake wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Majira ya kuchipua tukamzika. Aliyekaa ukutani, sijaona hata mmoja aliyerudi mkekani.

Bwana, usimweke Mama ukutani.

Juni 24

Jumatano, siku ya binti Pyo. Kawaletea wazee puto, wakae duara wasiliache liguse chini. Bi Naesan alilipiga kama kofi la mume mlevi. Kisha wakapewa picha ya kasa waipake rangi. Mama akaniambia tukirudi, "Yule mtoto ana moyo mzuri. Lakini nimezaa, nimezika, nimelima, sasa napaka kasa rangi."

Kasa wake alikuwa mzuri. Nimembandika jikoni.

Juni 25

Mvua ndefu imeanza. Na asubuhi, kwenye blanketi, mvua nazo zikapatana zote nne.

"Mgeni," Mama akasema. Akaenda jikoni mwenyewe, akaosha bakuli la shaba la Jae-gon, lile lenye mfuniko, akalijaza wali, akaliweka mezani mahali pake. Akakaa akitazama lango.

Mimi nilijua mgeni gani. Nilijaribu kumbadilishia mazungumzo, nikazungumzia mitaro na pilipili. Akaniuliza mbona Jae-gon anakawia shambani na mvua hii.

Mimi siwezi kusema uongo, si mbele ya Mungu, si kuhusu mtu aliyelala kaburini. Nikamwambia, Mama, Jae-gon amefariki, pawatila ya kulimia ilimwangukia kwenye ukingo wa shamba la chini, mwaka wa tatu huu. Alinitazama kama mimi ndiye niliyemuua. Kisha akalia kilio cha siku ile ile ya kwanza, cha kujipiga kifua, mpaka sauti ikakauka. Jioni alikuwa kasahau. Mimi sijasahau.

Juni 26

Mvua. Na mvua kwenye blanketi. Bakuli. Lango. Nikamwambia tena.

Juni 27

Mvua mchana kutwa, mtaro wa nyuma umeziba. Karata zilitoa msonobari na cheri. Nilimshukuru Mungu kwa karata, kisha nikatubu kwa kumshukuru kwa hilo.

Juni 28, Jumapili

Zimepatana tena. Safari hii Mama hakungoja lango, alichukua mwavuli akatoka kumpokea, nikamkuta kituo cha basi na ndala za miguu tofauti. Nikamwambia pale pale barabarani. Alikaa chini kwenye maji.

Nimemzika mume wangu mara moja na mama yake mara tatu sasa. Kila karata ile ikitoka namshika mama wa watu namzamisha kwa mkono wangu, kisha najiita mkweli.

Mchana, alipolala, nilifungua kopo. Nilitoa mvua zote nne. Sikuzitupa. Nilizitia ndani ya jalada la Biblia yangu, nikafunga zipu, maana ndicho kitu ambacho Mama hakigusi. Anasema miwani yake haifiki huko.

Julai 1

Siku tatu za amani. Mama anapanga karata, anazitazama, anasema, "Hakuna mgeni." Nimelala usingizi.

Julai 2

Kaniuliza, "Mvua ziko wapi?" Nikamwambia si hizo nje, Mama, zinanyesha. Akasema, "Hizo si zangu."

Julai 4

Ngoja niandike yote.

Kulikuwa na chapati za vitunguu majani ukumbini, kama desturi yetu siku za mvua, nami nilikuwa jikoni nikigeuza. Karata za ukumbi zimelainika, kwa hiyo huwa wanatumia za Mama. Mimi hilo nalijua miaka yote. Nilipozitoa zile nne sikulifikiria hata kidogo. Nilifikiria bakuli tu.

Walicheza watatu. Mchezo ulipofika mwisho, kila mtu alikuwa bado na karata mkononi lakini rundo la kufunua limekwisha. Bi Naesan akahesabu. Akahesabu tena.

"Bi Seorae. Karata zako zimepungua."

"Mvua hazimo," Mama akasema. Papo hapo, bila kufikiri. "Mwezi wa kumi na mbili wote haumo. Tangu Jumapili."

"Haumo umekwenda wapi? Umeumeza?"

"Mtu kauchukua."

Bi Naesan alicheka kwanza. Enzi za ujana wao Mama alikuwa akificha karata kwenye soksi, ni utani wao wa kale, basi akamwambia avue soksi. Mama akavua. Miguu ile miembamba mbele ya watu. Hakuna kitu. Wakanyanyua mto wake, wakakung'uta blanketi. Mama anarudia tu, mtu kauchukua, mtu kauchukua, sauti inapanda, na Bi Bamgol ambaye hasikii akaanza kuogopa kwa kuona nyuso.

Ndipo nikaona nyuso zikibadilika. Si hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Ilikuwa ile huruma waliyomwonyesha Bi Yongdu.

Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Biblia yangu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa juu ya kabati la viatu, hatua chache tu. Shemasi wa kanisa. Nilifungua mdomo, na nilichosema ni, "Chapati zitapoa."

Bi Naesan akatoa karata za ukumbi. Akagawa. Akampa Bi Bamgol, akajipa yeye, akamwita mke wa mwenye duka aliyekuwa akitazama, akampa. Kisha akamsogezea Mama tikiti dogo la njano na kisu.

"Tumenyee, shoga yangu," akasema, na aliliambia tikiti, hakumtazama.

Mama akalimenya. Ganda halikukatika hata mara moja.

Julai 5, Jumapili

Mahubiri yalikuwa juu ya mtumishi mwaminifu katika mambo madogo. Nilifungua zipu kidogo tu, nikavuta Biblia kwa ncha za vidole.

Julai 6

Hataki kwenda ukumbini. Kakaa anapanga karata ambazo haziwezi kuisha vizuri. Mvua.

Julai 7

Mvua. Pilipili zimeingiwa na ugonjwa wa kuoza, madoa meusi kama yamechomwa na sigara. Mama kalowesha kitanda. Kijiko kakishika kama hajui upande upi ni wa kulia chakula. Bi Bamgol kaja na mahindi, kampapasa mkono. Mama kamuuliza ni binti wa nani.

Siku tatu tu tangu awekwe ukutani. Sikujua mtu anaporomoka haraka hivi. Ni kama ule mkeka ndio uliokuwa umemshika, na sisi tukadhani yeye ndiye aliyeushika mkeka.

Julai 8

Binti Pyo kaja nyumbani na karatasi za kupima akili. Bi Naesan kamwambia, bila shaka kwa nia njema. Alikaa chini vizuri, akamshika Mama mkono, akauliza taratibu. Jina lako, bibi? Mama akataja jina lake la usichana, ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Hiki ni nini? Kitana. Tuko msimu gani? Mama akatazama dirisha lililojaa maji, akamtazama binti Pyo kama anamwonea huruma, akasema, "Wa kukausha nguo."

Binti Pyo akacheka. Nami nikaona matumaini. Mtu anayeweza kufanya mzaha bado yumo ndani.

"Na mwaka, bibi, una miezi mingapi?"

"Kumi na moja."

"Hebu fikiri tena, bibi. Polepole."

Mama akafikiri polepole. Akahesabu kwa vidole, akitaja maua: msonobari, plamu, cheri, akaenda hivyo bila kukosea hata moja, mpaka kwenye majani mapana ya mwezi wa kumi na moja. Akakunja kidole. "Kumi na moja. Wa kumi na mbili ulikuwepo. Uliondolewa."

Binti Pyo akaniangalia kwa upole, akaandika. Mlangoni aliniambia nijiandae, nimwite Tae-il, tuzungumze juu ya nyumba ya wazee iliyoko mjini, ni safi, kuna bustani. Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Mama alijibu sawasawa. Katika ukumbi mzima na katika nyumba hii, mtu aliyekuwa na akili timamu juu ya jambo lile alikuwa mmoja, na ndiye aliyeandikiwa kwamba hana.

Kesho alfajiri nitaanza kwa Mungu, kisha kwa Bi Naesan, kisha nitamrudishia Mama mvua zake. Na bakuli likiwekwa, nitaona la kufanya.

Julai 9

Sasa ni jioni, niko hospitali ya mjini, naandika kwenye goti.

Nilifanya kama nilivyopanga, na ndilo kosa. Ningeanza na Mama.

Mvua ya alfajiri ilikuwa ya ndoo. Nilisali. Kutoka kanisani nikapita kwa Bi Naesan, nikamkuta anachambua maharage machanga barazani. Nikafungua zipu, nikazitoa karata, nikaziweka mbele yake juu ya majani. Nikamweleza yote, na bakuli, na Jae-gon.

Alizigeuza moja moja.

"Sisi tulidhani ni yeye," akasema mwishowe. "Wewe ulijua si yeye."

Akanyanyuka, akavaa buti za mpira, akasema twende, nitamwomba radhi mwenyewe, mimi ndiye niliyemvulisha soksi.

Nikatia karata mfukoni, tukaenda. Tulikuta mlango wazi. Blanketi limetandikwa, karata zimepangwa, safu kumi na moja, na pembeni ya safu ya mwisho kaacha nafasi, kailainisha kwa kiganja. Mwavuli haupo.

Kituo cha basi, hayupo. Ukumbini, hayupo. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwenye vipaza sauti, Bi Seorae, mama yake marehemu Jae-gon, kavaa nguo ya kijani ya nyumbani, na sauti ile ikavunjikavunjika kwenye mvua kama inatoka chini ya maji. Watu wakatoka na makoti ya plastiki. Mimi nikajua pa kwenda. Nilikuwa najua tangu nilipoona mlango, lakini miguu ilizunguka kwingine kote kwanza.

Alikuwa shamba la chini, ndani ya mtaro kando ya ukingo ule, maji yamefika mapajani. Mwavuli ulikuwa wazi umelala ukingoni. Ameinama, anachota maji kwa viganja viwili, anayachungulia, anayamwaga, anachota tena.

Nikashuka, nikamkumbatia kiuno. "Mama, unatafuta nini?"

"Mvua zangu," akasema. Meno yanagongana. "Zisipokuwepo hatajua njia ya kuja."

Nikazitoa mfukoni nikamtia mkononi. Ni za plastiki, maji hayazidhuru. Alizitazama moja moja, ya mwisho ile ya mtu mwenye mwavuli. Hakuniuliza nimezipata wapi. Akafunga ngumi.

Hapa hospitali wauguzi walishindwa kuifungua mpaka alipopata usingizi. Mapafu yameingiwa na baridi. Daktari anasema tungoje.

Julai 10

Tunangoja.

Julai 13

Homa. Tae-il kafika, kamwita bibi, bibi, hajibu. Bi Naesan alikuja kwa basi na Bi Bamgol, wakakaa pande mbili za kitanda kama walivyokaa mkekani. Bi Naesan akamwambia sikioni, "Wewe, amka. Zamu yako." Kisha akatoka nje, akasimama muda mrefu karibu na mashine ya kahawa.

Julai 20

Homa imeshuka. Mvua ndefu imekwisha, redio inasema. Nilimrudia Mungu na shukrani nusu, maana Mama kafungua macho lakini ndani yake sikuona mtu anayenifahamu.

Agosti 2

Tumemrudisha nyumbani. Tae-il alitaka ile nyumba yenye bustani. Nilimwambia kwanza nimalize deni langu, naye hakuelewa, sikumweleza. Nguo zinakauka kwa saa moja. Pilipili zilizosalia tumezianika barabarani.

Agosti 6

Wamekuja na mkeka. Bi Naesan kaubeba kichwani juani kutoka ukumbini, nyuma yake Bi Bamgol na kopo la soya, kwa sababu Mama hawezi tena kutembea mpaka kule. Wakautandika barazani kwetu. Bi Naesan akachanganya karata za Mama, zote arobaini na nane, akagawa, na wa kwanza kumpa alikuwa Mama.

Mama kaweka msonobari juu ya majani mekundu. Kaweka karata ya mwezi mpevu juu ya ile ya kipepeo. Bi Naesan akamsogezea punje. "Umetufilisi, Bi Seorae," akasema, na macho yake hayakucheka. Hakuna aliyemsahihisha. Huko nyuma walikuwa wakigombana nusu siku kwa karata moja. Nilitamani wamgombeze.

Walipoondoka Mama akabaki anazigeuza. Mimi nilikuwa natoka jikoni na ndoo. Akafunua ile ya mtu mwenye mwavuli, akaitazama, akainua uso akaniona, na uso ukachanua kama ambavyo sijauona ukichanua mwaka mzima.

"Kumbe mgeni," akasema. "Karibu, bibie. Umetoka mbali, umelowa."

Nilikuwa nimelowa jasho. Miaka ishirini na tisa nimeishi nyumba hii. Niliweka ndoo chini. Sikujua nifanye nini, basi nikavua ndala zangu, nikazipanga vizuri kizingitini kama mgeni anavyopanga, nikamsalimu kwa kuinama.

Akajikongoja mpaka jikoni, hataki nimshike, mgeni hafanyishwi kazi. Akalileta bakuli la shaba. Wali wa asubuhi, umepoa. Akaliweka mahali pa Jae-gon, akanionyesha niketi.

"Mwanangu yuko shambani," akasema. "Anarudi sasa hivi. Usiondoke kabla hujaonana naye."

Maneno yale yalikuwa tayari mdomoni mwangu, kwa mpangilio ule ule, pawatila, ukingo, mwaka wa tatu. Mama alikuwa ananitazama. Lango lilikuwa wazi, na barabara yote nyekundu kwa pilipili.

"Sina haraka, mama," nikasema.

Nikafunua bakuli, nikala.